Mteja anasema sikumjibu, na mimi nilimjibu siku ile ile

Mwanangu mshauri, salamu nyingi kutoka Moshi.

Naandika nikiwa na uchungu, ila nitajitahidi kukueleza kwa mpangilio. Nina ofisi ndogo ya kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro. Tuliianza na marehemu mume wangu miaka 14 iliyopita, na jina la ofisi ni jina la ukoo wake. Ndilo lililoko kwenye tovuti, kwenye imeili na kwenye fulana za wapagazi wetu. Kompyuta sijaisomea. Najua kujibu barua za wageni, kutengeneza mchanganuo wa bei na kufuatilia malipo ya awali, basi.

Mwezi wa nne kundi la watu wanane kutoka Ujerumani liliniandikia. Walitaka njia ya Lemosho, siku nane, mwezi wa saba. Watu wanane kwa mkupuo, mwanangu, kwa ofisi kama yangu hiyo ni ada za shule na mishahara ya vijana. Nilijibu siku ile ile jioni, nikaambatanisha bei, orodha ya vifaa na picha za mahema. Kimya. Baada ya siku kumi kiongozi wao akaniandikia kwa upole kabisa kwamba kwa kuwa sikuwajibu, wameshalipa kwa ofisi nyingine ya Arusha. Nilifungua barua nilizotuma, nikaiona ya kwangu ipo pale na tarehe yake. Niliinama mezani nikalia.

Hapo ndipo nilipoanza kuchunguza. Kumbe tangu mwishoni mwa mwezi wa tatu kulikuwa na barua zinaingia kutoka kwa mtu anayeitwa MAILER-DAEMON, nami kila asubuhi nilikuwa nazifuta nikidhani ni virusi, kwa jinsi zilivyojaa namba. Moja ilibaki. Imeandikwa 550 5.7.1, halafu namba ndefu yenye nukta, halafu zen.spamhaus.org.

Nikamwita mpwa wangu anayenisaidia kazi za ofisi. Ni kijana mzuri, hana tabia mbaya. Aliniambia ukweli: mwezi wa tatu alinunua kwenye kundi la Telegramu faili lenye anwani 12,000 za watalii, kwa shilingi 80,000 za mfukoni mwake, ili anifurahishe kabla ya msimu. Waliomuuzia wakampa na programu ya kutuma barua nyingi kwa pamoja. Akaiwekea nenosiri la info, kikasha chetu cha barua za ofisi, akatuma tangazo letu kwa siku mbili. Waliojibu ni watatu, na wawili kati yao walitukana. Tangu siku hiyo haongei vizuri, anakuja kazini kichwa chini.

Nimeuliza watu. Mmoja amenipata WhatsApp, anasema ofisi yangu iko kwenye orodha nyeusi ya dunia na kwa dola 250 atatutoa ndani ya saa 24. Kijana aliyetutengenezea tovuti anasema niachane na jina hili, ninunue domeini mpya tuanze upya. Kampuni inayotuhifadhia tovuti nimewapigia mara nne, wanasema kwao kila kitu kinafanya kazi.

Nilipe? Nibadilishe jina? Na nitajuaje ni wageni wangapi wengine wanadhani nimewadharau?

Mama mwenye ofisi, Moshi


Shikamoo mama.

Pole sana. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kabla ya jambo lolote nataka nikujibu maswali mawili ya kwanza kati ya yale uliyoyaweka mwisho wa barua kwa sababu naona ndiyo yanayokunyima usingizi. Usilipe hata senti moja. Na jina la ukoo wa mumeo usiliache. Sababu nitazitoa, ila ukiishia kusoma hapa na kumzuia huyo mtu wa WhatsApp, nitakuwa nimeshakusaidia nusu.

Sasa tuichukue ile barua moja uliyoibakiza, maana ndiyo iliyobeba ukweli wote. MAILER-DAEMON si virusi. Ni jina ambalo seva za barua, yaani mashine zinazobeba na kupokea barua, hulitumia zinapokurudishia taarifa kwamba barua yako haikufika. Ni sawa na tarishi anayekurudishia bahasha na kukuandikia sababu juu yake. Namba 550 inaanza na tano, na tano maana yake nimekataa, usinirudie na barua hii. Ingeanza na nne, kwa mfano 421, maana yake ingekuwa subiri kidogo ujaribu tena, na seva yenyewe ingeendelea kujaribu bila wewe kujua. Ile namba ndefu yenye nukta ni anwani ya IP, yaani namba ya mashine iliyobeba barua yako kutoka Moshi. Na jina la mwisho ni la orodha iliyoulizwa.

Mashine ya Ujerumani ilipobishiwa hodi na mashine yako, kabla ya kufungua mlango iligeuka pembeni ikauliza: huyu mnamjua? Namna ya kuuliza ni rahisi ajabu. Inachukua namba ya mbisha hodi, inaipindua nyuma mbele, inaibandika kabla ya jina la orodha. Mashine yenye namba ya mfano 192.0.2.10 itaulizwa kama 10.2.0.192.zen.spamhaus.org. Jibu likiwa hakuna kitu kama hicho, mlango unafunguliwa. Jibu likiwa 127.0.0.2, 127.0.0.3 na kuendelea, namba hiyo imeandikwa kwenye orodha, na namba ya mwisho inasema ni kwa kosa gani. Tatu ni orodha inayojazwa na mitambo yenyewe pale inapoona mwenendo wa kutuma barua taka. Nne ni mashine iliyoambukizwa au kutekwa. Kumi na kumi na moja ni anwani za intaneti za majumbani na za simu, ambazo hazitakiwi kutuma barua moja kwa moja bila kupitia seva. Kwa ulivyosimulia, natarajia utakuta tatu. Lakini usinisikilize mimi, ingia kwenye ukurasa wa check.spamhaus.org, weka hiyo namba, usome mwenyewe au umsomeshe mpwa wako. Kisha weka na jina la domeini yako, yaani lile linalofuata alama ya @ kwenye anwani yako, kwa sababu majina yana orodha yao tofauti na ya namba. Ukikuta namba imeandikwa na jina ni safi, shukuru Mungu: kazi imepungua sana.

Spamhaus walianza mwaka 1998 London, mwanzilishi wao ni Steve Linford, na nataka uelewe kitu kimoja kuhusu watu hawa. Hawakuzuia barua yako. Hawana uwezo huo. Wao wanaandika orodha, na mwenye seva ya kupokea ndiye anayeamua kuiuliza au kutoiuliza. Wengi wanaiuliza, kwa sababu bila kitu kama hicho vikasha vyetu vingefurika matapeli na dawa za uongo. Kwa hiyo hakuna kitu kinachoitwa orodha nyeusi ya dunia. Kuna orodha nyingi, kila moja na mwenyewe, kila moja na kanuni zake. Huyo wa dola 250 anakutisha kwa kitu ambacho hakipo.

Na kutoka ni bure. Spamhaus hawatozi kumwondoa mtu, hawajawahi kuwa na dirisha la malipo. Orodha ya SpamCop, ambayo nayo inaulizwa na seva nyingi, humfuta mtu yenyewe saa 24 baada ya malalamiko kukoma. Zipo orodha chache zinazotoza fedha kwa anayetaka kufutwa haraka, lakini hata hizo humfuta asiye na haraka bila malipo baada ya siku kadhaa za utulivu, na kampuni kubwa za barua haziziegemei. Mtu akikuuzia kuondolewa Spamhaus, ama atajaza fomu ile ile ambayo ungeijaza mwenyewe, ama atakula fedha akuzimie simu.

Ila fomu usiijaze leo, mama. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanakimbilia kuomba kufutwa wakati bomba bado linavuja, wanafutwa asubuhi, jioni wameandikwa tena, na mara ya pili au ya tatu maombi yao hayasikilizwi kwa wepesi ule.

Kinachovuja nakiona kwenye sentensi moja ya barua yako uliyoipitia haraka: mpwa wako aliiwekea ile programu nenosiri la info. Kwangu mimi hilo linatisha kuliko zile barua 12,000. Programu iliyotolewa bure na watu wanaouza anwani za wenzao, ukaipa ufunguo wa ofisi yako, hujui ufunguo huo umepelekwa wapi. Inawezekana hadi sasa kuna mtu anatuma barua zake kwa jina lako. Na kuna baya zaidi la hilo. Ofisi ya utalii inapokea malipo ya awali kutoka nje. Mwizi akiingia kwenye kikasha chako hana haja ya kufanya fujo. Anasoma kimya kimya, anasubiri mgeni aulize alipe wapi, kisha anamwandikia yeye kwa jina lako kwamba akaunti ya benki imebadilika. Mgeni analipa, fedha zinaenda kusikojulikana, na anapotua uwanja wa ndege wa KIA anakudai wewe mlima.

Kwa hiyo leo, kabla ya chakula cha jioni, fanyeni haya pamoja na kijana. Ile programu iondolewe kwenye kompyuta na kompyuta isafishwe kwa programu ya kuua virusi. Kisha, mkiwa kwenye simu au kompyuta nyingine mnayoiamini, badilisheni nenosiri la info na la kila kikasha kingine cha ofisi, na la kuingilia tovuti. Yawe marefu, kila moja tofauti na mwenzake. Kama hosti wenu, yaani kampuni inayowahifadhia tovuti, anatoa uthibitisho wa hatua mbili, ule wa kutumiwa namba kwenye simu, washeni. Halafu ingieni kwenye mipangilio ya info, mtafute sehemu ya kusambaza barua na sehemu ya vichujio. Mkikuta kanuni inayopeleka nakala za barua kwa anwani msiyoijua, au inayoficha barua zenye neno malipo, hiyo ndiyo alama ya mgeni asiyealikwa. Ifuteni, na mjue kwamba mmeingiliwa. Hapo wapigieni simu wageni wote wenye malipo yanayosubiri, mmoja baada ya mwingine, muwaambie akaunti haijabadilika na haitabadilika kwa barua pepe. Kwa sauti yako mwenyewe, mama, si kwa maandishi.

Tovuti nayo ikaguliwe. Ile fomu ya kuwasiliana nawe, kama haina kinga, mitambo ya wahuni huitumia kama mlango wa nyuma wa kutuma barua, na programu za tovuti zisizosasishwa ndizo njia yao kubwa. Kijana aliyewatengenezea anaweza hilo.

Sasa tuje kwa hosti. Wanasema kwao kila kitu kinafanya kazi, na kwa upande wao wanaweza kuwa sahihi: mashine inawaka. Swali lako lilikuwa jingine, na nadhani hawakulisikia. Ofisi ndogo karibu zote hukaa kwenye seva ya pamoja, mamia ya wateja wakitumia namba moja ya IP. Samaki mmoja akioza wote wameoza. Huenda namba hiyo ilichafuka kwa ajili yenu, huenda ilikuwa imechafuka na jirani msiyemjua, huenda ni vyote viwili. Na kwa namba ya pamoja, anayestahili kuomba ifutwe ni mwenye seva, si wewe mpangaji. Usiwapigie simu tena. Waandikie. Bandika ile barua ya MAILER-DAEMON nzima bila kuikata, uulize mambo matatu: namba hii ni ya pamoja au yangu peke yangu, mtaomba lini ifutwe, na kama hamtaomba mtanihamishia namba gani safi. Waeleze pia kwamba nenosiri lilivuja na umeshalibadilisha. Wape siku tatu za kazi. Wasipojibu kwa maana, hamisha barua pepe, barua pepe tu, uipeleke kwa mtoa huduma anayejulikana kwa kazi hiyo. Domeini yako inabaki ile ile, tovuti inabaki pale pale, kinachobadilika ni maandishi machache kwenye mipangilio ya domeini. Kwa ofisi ya watu wachache gharama yake kwa mwezi ni ndogo, na kwa maoni yangu ni fedha yenye faida kuliko tangazo lolote utakalolipia mwaka huu.

Wakati mko kwenye mipangilio hiyo, wekeni vitambulisho vitatu. Vina majina ya herufi: SPF, DKIM na DMARC. SPF ni orodha ya mashine zenye ruhusa ya kubeba barua kwa jina lako, mfano wa karatasi unayompa mlinzi wa geti. DKIM ni muhuri usioonekana unaogongwa kwenye kila barua, ili mpokeaji ajue haikuchezewa njiani. DMARC inamwambia mpokeaji afanye nini na barua yenye jina lako ambayo imeshindwa mitihani hiyo miwili, na inakuletea ripoti. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanataka kila mtumaji awe na SPF au DKIM, na mtumaji mkubwa, ambaye kwa Google ni wa barua 5,000 au zaidi kwa siku, awe na zote tatu, na Microsoft nao wakafuata kwa watumaji wakubwa mwezi wa tano 2025. Wewe si mtumaji mkubwa, lakini ziweke zote. Kosa ninaloliona kila wiki kwa ofisi za kwetu ni kuwa na mistari miwili ya SPF, mmoja wa hosti wa zamani na mmoja wa mpya. Ikiwa miwili, mpokeaji anaihesabu kama kosa, yote miwili. Uwe mmoja, unaoanza na v=spf1, wenye watumaji wako wote ndani yake. DMARC anzeni nayo kwa upole, p=none (usizuie kitu), msome ripoti wiki chache, ndipo mpande hadi p=quarantine (weka kwenye spamu) na baadaye p=reject (kataa). Mkianza na reject siku ya kwanza mnaweza kuzizuia barua zenu wenyewe.

Namna ya kuhakiki ni hii: tuma barua moja kwenda Gmail ya mpwa wako, aifungue kwenye kompyuta, abonyeze zile nukta tatu pembeni, achague kuonyesha barua asilia. Juu kabisa ataona SPF, DKIM na DMARC, na mbele ya kila moja neno PASS. Mkiona PASS tatu, ndipo fomu ya kuomba kufutwa ijazwe, na hosti kama namba ni ya pamoja. Iandikwe kwa ukweli mtupu: tulinunua orodha ya anwani, tulitumia programu isiyofaa, tumebadilisha nenosiri tarehe fulani, orodha tumeifuta, hatutarudia. Wanaosoma maombi hayo wamesoma uongo mwingi sana, na maelezo ya kweli yenye tarehe hubeba uzito.

Kuhusu zile anwani 12,000. Nataka mpwa wako alisome hili bila kujisikia anapigwa. Faili la namna ile linauzwa kwa watu mamia, kwa hiyo wenye anwani zile walikuwa wameshachoka kabla tangazo lenu halijafika. Ndani yake kuna anwani zilizokufa miaka mingi. Na ndani yake kuna mitego: anwani ambazo hazijawahi kuwa za mtu, zimepandwa pembe za tovuti ili ziokotwe na wakusanyaji, na nyingine za watu walioacha kuzitumia, zikakaa zikikataa barua kwa muda mrefu, kisha zikafufuliwa kama mtego. Hakuna binadamu aliyewahi kukupa anwani hiyo. Ukituma huko, umejitaja mwenyewe kwamba unatumia anwani usizopewa. Halafu kuna kitufe cha kuripoti barua taka. Google wanataka malalamiko yasifike asilimia 0.3, na wanashauri yakae chini ya 0.1. Chukulia barua zote 12,000 zingekuwa za Gmail: watu 36 tu kubonyeza kitufe, na mpaka umevukwa. Watu 36 waliokereka asubuhi moja wanatosha kuifanya barua yako kwa mgeni aliyeomba bei iangukie folda ya spamu.

Na kuna sheria. Ujerumani tangazo la barua pepe linataka ridhaa ya mpokeaji kabla hujalituma. Hapa kwetu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na anwani ya mtu ni taarifa yake binafsi. Faili hilo lifutwe kwenye kompyuta, kwenye simu, kwenye flashi. Msilihifadhi kwa ajili ya msimu ujao.

Kwa nini nakukataza domeini mpya? Kwa sababu domeini iliyozaliwa jana haina sifa, na kwa mitambo ya barua asiye na sifa anatazamwa kwa shaka, maana wahuni ndio wanaonunua majina mapya kila wiki na kuyatupa. Ungetoka kwenye jina lenye doa la wiki chache ukaingia kwenye jina lisilojulikana na yeyote. Miaka 14, mama. Kila mgeni aliyewahi kukuandikia na ukamjibu, naye akajibu, aliweka tofali moja kwenye jina hilo. Mitambo hiyo inathamini mazungumzo ya pande mbili, na wewe una miaka 14 ya mazungumzo. Doa hili linafutika.

Linafutika kwa wiki kadhaa za subira, si kwa siku moja. Mkishafutwa kwenye orodha au kuhamia namba safi, anza na wanaokusubiri: walioomba bei, waliolipa, waliopanda mwaka jana. Mmoja mmoja, kwa majina yao, barua ishirini au thelathini kwa siku, uulize jambo linalohitaji jibu. Kila jibu linalorudi linakutetea. Usitume tangazo kwa kundi mwezi mzima. Baadaye ukitaka kuwatumia wageni wa zamani habari za msimu, tumia huduma ya kutuma majarida, si info, na uipe tawi lake la domeini, mfano habari mbele ya jina lenu, ili siku jarida likikwaruzika barua za bei zisidhurike nalo. Wapelekee waliokubali tu, na kila barua iwe na njia ya kujitoa kwa kubonyeza mara moja. Mtu akijitoa mwache aende. Google wana ukurasa wa bure wa kufuatilia barua za mtumaji zinavyopokelewa, Postmaster Tools, lakini kwa barua chache kama zako utakuta hauonyeshi kitu, kwa hiyo usihangaike nao. Kipimo chako ni MAILER-DAEMON. Kila asubuhi mfungue, msome, namba za mwanzo ziandike kwenye daftari. Zikipungua unapona.

Uliuliza utajuaje ni wageni wangapi wanadhani umewadharau. Inawezekana kujua. Barua ulizozifuta huenda bado ziko kwenye folda ya zilizofutwa, mwambie mpwa wako azitafute leo kabla mfumo haujazisafisha. Zisipokuwepo, fungua barua ulizotuma tangu mwishoni mwa mwezi wa tatu, mziorodheshe kwenye karatasi, na mbele ya kila jina mwandike kama alijibu au hakujibu. Asiyejibu atafutwe kwa WhatsApp au simu kama alikuachia namba. Asiye na namba, mwandikie kutoka Gmail ya kawaida ya ofisi, barua moja moja, ukijitambulisha na kuweka namba yako ya simu ili ahakikishe ni wewe. Ila usiiweke hiyo anwani ya Gmail kama mtumaji ndani ya seva ya hosti wako. Itume kutoka Gmail yenyewe, la sivyo nayo inaweza kukataliwa au kuangukia spamu.

Kazi hii mpe kijana aisimamie mwanzo hadi mwisho: karatasi, barua kwa hosti, zile PASS tatu. Alitoa shilingi 80,000 zake kwa ajili yako. Mkalishe, mwambie unajua hilo.

Na yule kiongozi wa Wajerumani, mwandikie naye, kutoka Gmail hiyo hiyo. Mtu asiyejali angenyamaza, yeye alichukua muda wa kukueleza. Mweleze kwamba ulimjibu jioni ile ile, mtandao ukaikataa barua, umegundua kwa sababu ya upole wake, na unawatakia wote wanane hali ya hewa nzuri Lemosho. Bei usiiweke. Weka picha moja ya mahema, na jina la ofisi chini.